Kamongo Ni Jamaa Yako Kuliko Ngege

Weka ngege na kamongo kwenye meza moja pale Dunga, Kisumu, halafu uulize: kati yenu watatu, ni wawili gani walio na undugu wa karibu zaidi? Wengi watasema hao samaki, si ni wazi? Lakini kamongo yuko karibu na wewe kuliko alivyo na ngege.

Anza na mapezi. Pezi la ngege ni ngozi nyembamba iliyoshikiliwa na miiba, kama mwavuli. La kamongo linaonekana kama kamba tu, ila ndani lina vipande vya gegedu vilivyofuatana, na kimoja pekee ndicho kinachoungana na bega, vile ulivyo mkono wako. Ukoo huu wa samaki wenye mapezi ya nyama una zaidi ya miaka milioni 400. Tawi lake moja ndilo lililozaa vyura, mamba, kuku na sisi.

Halafu kuna mapafu, mawili kabisa. Matamvua yake ni dhaifu, kwa hivyo akinaswa wavuni asiweze kufika juu kuvuta hewa, anakufa maji. Samaki, bana!

Wazungu walichanganyikiwa. Mwaka 1837 Fitzinger wa Vienna alimpokea binamu yake kutoka Amazon akamweka upande wa reptilia. Miaka miwili baadaye Richard Owen, London, alimchunguza mmoja wa Gambia akasema hapana, huyu ni samaki.

Mwaka 1928 Homer Smith, Mmarekani mtaalamu wa figo, alikuja Ziwa Victoria kumtafuta. Alitaka kujua jinsi kamongo anavyokaa miezi mingi ndani ya matope makavu, akiwa amejifunga kwa ute wake, bila kukojoa na bila kufa kwa sumu. Aligundua kwamba mwili wake huacha kutoa amonia na kuweka taka kama yurea, kama wetu. Mwaka 1932 alichapisha riwaya kwao, na jina lake ni hilohilo la Kijaluo: Kamongo.

Hata hivyo, staa wa ukoo alikuwa silakanti, aliyevuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 wakati wataalamu walidhani aliisha pamoja na dinosaria. (Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua zamani, wanamwita gombesa. Mwaka 2001 mmoja alinaswa karibu na Malindi.) Kwa miaka mingi wengi waliamini yeye ndiye jamaa yetu wa karibu. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2013, ukoo wa kamongo ukashinda.

Waganda wa ukoo wa Mmamba hawamli kamongo, kwa kuwa ndiye mwiko wao. Sisi tunamkaanga, na sina neno na hilo. Linaloniuma ni vinamasi. Kamongo dume ndiye hulinda mayai, kwenye kiota cha matope katikati ya mafunjo, na mafunjo hayo ndiyo tunayofyeka kila msimu tupande mboga.