Albamu ya Bibi na Zamu ya Kumi



Kamati ilipotutaka kila mmoja wetu alete chochote cha kutiwa katika kitabu hiki cha miaka kumi, wenzangu walileta hesabu, wengine mashairi, na wengine picha za siku tuliponunua cherehani za kwanza. Mie nilileta albamu ya marehemu bibi yangu mzaa baba. Wapo walionicheka. Wakaniuliza, albamu ya nyumbani kwenu inahusu nini na kikundi chetu cha kuweka na kukopa? Hata mie siku ile sikuwa na jibu. Jibu nimelipata baada ya miezi minne ya kukaa na shangazi yangu, ambaye ni mwanachama mwenzetu tangu siku ya kwanza, tukifunua karasa moja moja na kuulizana, "Huyu nani? Na hii lini?"

Albamu yenyewe ni ya karatasi nyeusi nzito, imefungwa kwa kamba, na picha zimeshikwa pembeni kwa vipembe vya karatasi. Zimo picha sitini na tatu. Zenye maandishi nyuma ni kumi na tisa tu. Zilizobaki ni nyuso zinazotutazama bila ya majina.

Picha nayo husema

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba picha huweza kutoa ushahidi hata kama aliyemo amekwisha fariki. Picha ya mwanzo katika albamu inamwonyesha babu wa babu yetu amesimama mbele ya Beit al-Ajaib. Nyumbani siku zote tukiambiwa kuwa ilipigwa zama za Sayyid Barghash, na sisi watoto tukijivunia sana maneno hayo. Sayyid Barghash ndiye aliyelijenga jumba lile mwaka 1883, naye alifariki mwaka 1888. Lakini tazama mnara. Wakati wake mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Ulipigwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na baada ya hapo ndipo ukajengwa mnara wa saa ulioshikana na jumba lenyewe, ule tuliouzoea sote mpaka ulipoanguka tarehe 25 Disemba 2020. Katika picha yetu mnara umeshikana na jumba. Basi mzee wetu hakupigwa picha zama za Barghash. Hadithi ilikuwa nzuri, lakini mnara umekataa.

Zipo dalili nyingine za namna hii. Picha za zamani kabisa zimegandishwa juu ya kadibodi ngumu, na chini yake limechapwa jina la mpiga picha. Hapa Unguja A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa na studio tangu karne ya 19, na baadaye wakaja akina Coutinho. Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kwa hiyo picha yenye muhuri wake haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Picha zenye kingo zilizokatwa vimenomeno nyingi ni za miaka ya 1930 mpaka 1960. Na kanga je? Sisi wanawake ndio wenye elimu hiyo. Maneno ya kanga za kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye ndipo zikaja herufi za Kirumi. Ukikuza picha kwa simu ya mkononi, mara nyingine utayaona.

Tarehe za wazee

Wazee wetu hawakuhesabu miaka kama tunavyohesabu leo, lakini hawakuishi bila ya tarehe. Shangazi ukimwuliza bibi na babu walipiga lini picha yao ya harusi, atakujibu, "Mwaka Siti alipokwenda Bombay." Siti binti Saad alikwenda Bombay kutia sauti katika santuri mwaka 1928. Basi picha imepata mwaka. Ukimwuliza yeye mwenyewe kazaliwa lini, atakwambia mama yake alikuwa na mimba yake wakati wa Jubilii. Jubilii hiyo ni ya miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, nayo ilikuwa mwaka 1936. Mzee akikupa tukio, usimlazimishe akupe namba. Liandike tukio kama alivyolisema, namba utaitafuta mwenyewe.

Tulijifunza pia namna ya kuuliza. Mwanzo nilikuwa nikimwambia shangazi, "Huyu si bibi wa Malindi huyu?" Naye akiitikia, "Ehe, ndiye." Kumbe alikuwa akiniitikia kwa adabu tu, kwa vile macho yake hayaoni vizuri na hakutaka kunivunja moyo. Nilipoacha kumpa jina mdomoni, nikawa namweleza tu aliyemo kavaa nini, kakaaje, kamshika nani, ndipo majina ya kweli yalipoanza kutoka.

Harusi isiyo na bibi harusi

Sasa nakuja kwenye picha iliyonifanya niandike haya. Ni picha ya wanawake kumi wamevaa kanga sare. Watano wamekaa kwenye viti, watano wamesimama nyuma. Mama yangu yupo katikati na mtoto mchanga mapajani. Mwisho kabisa, upande wa kulia, amesimama mwanamke mwembamba ameshika mkebe. Nyuma ya picha pameandikwa kwa peni ya wino wa buluu: "Harusi, 1958". Sisi watoto tulipouliza yule mwenye mkebe ni nani, tuliambiwa, "Huyo alikuwa mtumishi." Basi, yakaishia hapo.

Nilipomweleza shangazi picha hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Harusi gani hiyo, mwanangu? Bibi harusi yuko wapi? Wewe umeona harusi haina bibi harusi?"

Akanieleza kuwa ule ulikuwa upatu wao. Walikuwa wanawake kumi wa mtaa mmoja. Kila Ijumaa kila mmoja alitoa shilingi tano, na mmoja wao akapokea hamsini. Shangazi ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Walinunua kanga sare kwa fedha zao, wakaenda studio kwa miguu, na gharama ya picha wakachangiana. Yule mwenye mkebe hakuwa mtumishi wa mtu. Ndiye aliyekuwa mshika fedha wao! Mkebe ule ndio benki yao. Na kwa kuwa yeye ndiye mshika fedha, alichagua kupokea mwisho, ili asije mtu akasema kuwa amejipendelea.

Nikamwuliza lini. Akasema, "Mwezi wa mlisho, mwaka wa Uhuru. Tulikuwa tukijiandaa na Ramadhani."

Hapo ikabidi nichague: nimwamini shangazi, au niamini maandishi? Nikatazama maandishi upya. Picha zote kumi na tisa zenye maandishi zimeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja. Ni mkono wa ami yangu, aliyerithi albamu baada ya bibi kufariki. Bila shaka alikaa siku moja akaziandika zote kwa kukisia, na siku ile ya picha yeye alikuwa mtoto wa chuoni, hakuwapo. Kisha nikamtazama mtoto mchanga aliye mapajani mwa mama. Shangazi alisema ni kaka yangu mkubwa, kwani kofia aliyovaa aliishona yeye kwa mkono wake. Nikaitafuta hati ya kuzaliwa ya kaka: Oktoba 1963. Mtoto wa mwaka 1963 hawezi kupigwa picha mwaka 1958. Na mwezi wa Shaabani wa mwaka ule uliingia katikati ya Disemba 1963, siku chache tu baada ya Uhuru wa tarehe 10 Disemba. Mashahidi wawili ambao hawakusikilizana, hati na kumbukumbu ya mzee, wamesema neno moja.

Kwa nini mwaka una uzito

Mtu atasema, 1958 au 1963, tofauti iko wapi? Tofauti ni hii. Upatu ule ulianza Ijumaa ya katikati ya Novemba 1963. Hesabu Ijumaa kwa vidole. Ya tisa ni tarehe 10 Januari 1964. Jumapili yake, tarehe 12 Januari, yakatokea Mapinduzi. Ijumaa ya kumi wanawake wale hawakukutana. Ramadhani ikaingia, watu wametawanyika, wengine wana misiba, wengine wamo safarini. Mwenye mkebe alivuka Bara na watoto wake, na hakuonekana tena mtaani.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kumi. Aliwalipa wenzake tisa, shilingi tano tano, jumla shilingi arubaini na tano za fedha yake, na zamu yake haikufika. Hata shilingi zile za Afrika Mashariki zenyewe ziliondolewa mwaka 1966, zikaja za Tanzania.

Shangazi alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mie deni langu kwake ni shilingi tano tu. Lakini tano zile nimelala nazo miaka yote hii. Na nyinyi mkamwita mtumishi."

Nakiri kuwa niliona haya. Kosa la mwaka mmoja nyuma ya picha lilifuta deni, na neno moja la ovyo lilimfuta mtu. Katika wanawake wale kumi tisa wamekwisha patikana majina yao, na jina la mwenye mkebe shangazi ametupa pia. Hatulichapi hapa kwa sababu watu wake hatujawapata tukawaomba ruhusa.

Tufanye nini sisi

Akina mama wenzangu, kila mmoja wetu ana picha kabatini. Nashauri mambo machache. Kwanza, zipe picha namba na uandike habari zake katika daftari, si nyuma ya picha kwa peni, maana wino hupenya. Ukilazimika kuandika nyuma, tumia penseli laini na usikandamize. Pili, andika nani kakwambia na siku gani, ili anayekuja baadaye ajue ni ushahidi au ni kukisia. Tatu, usiyafute maandishi ya zamani hata kama yamekosea. Ya ami yangu nimeyaacha, nami yangu nimeyaandika daftarini. Nne, anza na mzee, albamu itangoje. Albamu itakuwapo mwakani, na mzee hatuna ahadi naye.

Na sisi wenyewe tusirudie kosa hili. Picha yetu ya miaka kumi iliyomo katika kitabu hiki ina majina ya wote, kutoka kushoto kwenda kulia, waliokaa na waliosimama, pamoja na tarehe. Nimeiomba kamati isiandike "na wengineo", nayo imekubali.

Kuhusu yule mwenye mkebe, kikundi kimekubaliana katika mkutano kuwa tutawatafuta watoto au wajukuu wake. Shangazi ameshaweka fungu lake kando, na wajukuu wa wale wengine wanane tunaendelea kuwapitia nyumba kwa nyumba. Picha tumeiweka juu ya meza ya mweka hazina. Mwenye kujua chochote, awe mwanachama au si mwanachama, aje Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Shangazi huwapo.