Kura na Kauli: Wabunge Wawili wa Kakamega na Serikali ya Kenya, 1975

Uhusiano wa Bunge na Serikali nchini Kenya umechunguzwa sana na wataalamu wa elimu ya siasa. Cherry Gertzel, katika kitabu chake cha 1970, alieleza jinsi mamlaka yalivyojikusanya katika ofisi ya Rais baada ya Uhuru. Joel Barkan naye alimtazama mbunge kama kiungo baina ya wananchi wa jimbo lake na Serikali yenye fedha za maendeleo. Tafiti hizi zina manufaa makubwa. Hata hivyo, hutegemea zaidi vifungu vya Katiba, kura na miradi, na kauli zilizotamkwa Bungeni hazipewi uzito unaostahili. Matukio ya 1975 yaliyowakuta wabunge wawili wa Wilaya ya Kakamega yanadhihirisha upungufu huo.

Wakati huo wilaya hiyo ilijumuisha Vihiga, ambayo leo ni kaunti ya peke yake. Mbunge wa Vihiga, Peter Kibisu, alikuwa Waziri Msaidizi. Mbunge wa Butere alikuwa Martin Shikuku, aliyeingia Bungeni mwaka 1963 kwa tiketi ya KADU na kujulikana kwa ulimi wake mkali.

Mwezi Machi 1975 mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliuawa. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma, ili kuchunguza mauaji hayo. Taarifa ya Kamati ilipojadiliwa mwezi Juni, upande wa Serikali ulishindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Kibisu alipiga kura pamoja na walioiunga mkono taarifa hiyo. Vivyo hivyo Waziri Masinde Muliro na Waziri Msaidizi John Keen. Wote watatu waliachishwa nyadhifa zao.

Hoja iliyotolewa katika mambo kama haya huitwa uwajibikaji wa pamoja. Istilahi hii yafaa ichunguzwe. Kitenzi kuwajibika hakikamiliki mpaka ijulikane mtu anawajibika kwa nani. Katiba ya wakati huo ilijibu swali hilo waziwazi: Baraza la Mawaziri liliwajibika kwa Bunge. Lakini kwa desturi jibu liligeuzwa. Waziri, na hata Waziri Msaidizi asiyekuwa mjumbe wa Baraza, aliwajibika kwa Rais aliyemteua. Hivyo kifungu kilichokusudiwa kuifunga Serikali mbele ya Bunge kilitumiwa kuwafunga wabunge mbele ya Serikali, bila neno lolote la Katiba kubadilishwa.

Mwezi Oktoba zamu ilikuwa ya Shikuku. Katika mjadala aliwashutumu waliotaka kuliua Bunge kama chama cha KANU kilivyokwisha kuuawa. Alitakiwa athibitishe kauli yake. Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na Naibu wa Spika aliyekuwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili. Waliwekwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka, wakaachiliwa mwezi Desemba 1978 katika utawala wa Rais Moi.

Kanuni ya kuthibitisha ina kusudi jema: kumzuia mbunge asitumie kinga ya Bunge kuwasingizia wengine. Ila kuthibitisha maana yake ni kulifanya jambo liwe thabiti, na Seroney alikuwa akisema kwamba jambo hilo limekwisha kuwa thabiti machoni pa watu. Uamuzi wa kiti ungeweza kupingwa kwa hoja ndani ya Bunge lenyewe. Serikali haikungoja hoja. Kwa kulijibu neno kwa kizuizi, iliupa usemi wa Shikuku uthibitisho ambao yeye mwenyewe hakuutoa.

Hapa wanafunzi wa lugha wana somo lao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1974, Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ikarekebishwa. Marekebisho ya 1975 yalikipa tena Kiingereza nafasi, na yale ya 1979 yakamruhusu mbunge kutumia lugha yoyote kati ya hizo mbili. Mabadiliko haya huelezwa mara nyingi kama historia ya ushindi na kushindwa kwa Kiswahili. Lakini lugha iliyoingizwa Bungeni kwa amri ya Rais haikuwa na nguvu ya kumlinda msemaji wake dhidi ya Serikali ya Rais huyohuyo. Uhuru wa lugha si sawa na uhuru wa kauli.

Shikuku alirudishwa Bungeni na wapiga kura wa Butere mwaka 1979. Katiba ya 2010 imewatoa mawaziri Bungeni, imetamka uhuru wa kusema humo katika ibara ya 117, na katika ibara ya 120 imekifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini Katiba ya 1975 nayo ilikuwa na maneno mazuri. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuzisoma kumbukumbu za majadiliano pamoja na Katiba, na kuuliza kila mara: neno hili lilipotamkwa, nini kilimpata aliyelitamka?