Mgonjwa wa Saratani ya Damu Anayesubiri Kupandikizwa Uloto: Tiba, Ibada na Wajibu wa Familia



Ndugu Waislamu, mgonjwa wa saratani ya damu huweza kuambiwa na daktari: "Huenda ukapandikizwa uloto, lakini si sasa." Hilo "huenda" linaweza kuchukua miezi. Makala hii inaeleza nini cha kufanya katika kipindi hicho, kwa upande wa tiba na wa dini.

Kupandikiza uloto ni nini?

Uloto ni ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo mna seli shina, ambazo huzalisha chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani za damu. Katika kupandikiza, mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuua saratani, ambazo huua pia uloto wake. Kisha hutiwa seli shina kwa mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Si upasuaji, lakini ni tiba nzito, na huchukua wiki kadhaa mpaka seli zishike.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutumia seli za mgonjwa mwenyewe, zilizovunwa na kugandishwa mapema. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kwa njia hii mwaka 2021. Ya pili ni kutumia seli za mtu mwingine anayelingana naye.

Kwa nini asubiri? Kwa sababu saratani inatakiwa ipunguzwe kwanza kwa dawa, moyo, ini na figo vipimwe, na kama inahitajika, mtoaji apatikane.

Ibada za mgonjwa

Abu Dawud amepokea kisa cha mtu aliyepasuka kichwa safarini, kisha akajiotea. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwa kutoa hukumu bila elimu. Kisa hiki kinatosha kuwa onyo kwa anayemwambia mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu kwa kuwa hafungi.

Saumu: Qur'ani (2:184-185) imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku katika madhehebu ya Shafi. Kama daktari amesema saumu itamdhuru, haifai kuilazimisha.

Swala: Atasimama akiweza, asipoweza atakaa, asipoweza atalala ubavu. Akishindwa kuswali kila swala kwa wakati wake, anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kauli mashuhuri ya Mashafi haikuruhusu kukusanya kwa maradhi, lakini Imamu Nawawi aliiona kauli ya kuruhusu kuwa ina nguvu.

Udhu: Mwenye mrija kifuani asiulowanishe. Ataosha pasipo na bandeji na kupangusa juu yake, pamoja na tayamamu kwa mujibu wa madhehebu yetu.

Ijumaa: Haimuwajibikii mgonjwa. Chembe nyeupe zikishuka, msongamano ni hatari kwake.

Ndugu anayeombwa kutoa

Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mzazi na mtoto kwa kawaida hulingana nusu, na baadhi ya hospitali hutumia hata hao. Ndugu wa kunyonya hana uhusiano wa damu, kwa hiyo kunyonya pamoja hakumfanyi alingane.

Seli huvunwa kwa njia mbili: kwenye mshipa, baada ya sindano za siku chache, au kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi. Uloto hurudi wenyewe baada ya wiki chache. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao cha Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha kutoa kiungo kinachojirudisha, kama damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe na uwezo kamili wa kisheria. Wala kupokea damu hakuleti umaharimu kama kunyonya.

Kutoa ni hiari. Ndugu akiogopa aelezwe kwa upole, wala asitishwe kwa radhi za wazazi.

Mambo ya nyumbani

Homa ya nyuzi 38 au zaidi si ya kungojea asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Anayekaa mbali na hospitali, au anayehitaji kuvuka bahari, apange usafiri wa dharura mapema.

Akihitaji damu, jamaa wa damu wasimchangie wao kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu damu yao inaweza kuufanya mwili wake ukatae seli zao baadaye. Wachangie benki ya damu, wengine wafaidike.

Hijama ni tiba inayojulikana katika Sunna, lakini kwa mwenye chembe sahani chache huleta kutokwa na damu na maambukizi. Asipigwe chuku bila idhini ya daktari. Habbasoda, asali na dawa za miti pia zitajwe kwa daktari, zisifichwe.

Kumzuru mgonjwa ni Sunna. Tumzuru wachache, kwa muda mfupi, mikono ikiwa imeoshwa. Mwenye mafua atume salamu na dua.

Ikiwa haitawezekana

Wengine hawatapandikizwa, kwa sababu ya umri, viungo au kukosa mtoaji. Hiyo si hukumu ya kukata tamaa. Dawa huendelea, maumivu hutibiwa, na kutuliza maumivu hakupunguzi ujira wa subira. Kuandika wasia na kulipa madeni ni jambo la kila Muislamu, mzima na mgonjwa. Familia isilione kuwa ni kumuombea mtu kifo.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.