Bawabu, si Dereva wa Lango

Rasimu ya istilahi za elektroniki iliyonifikia hivi karibuni inaiita "dereva wa lango" ile saketi inayofungua na kufunga transista za inveta ya kuendeshea mota. Niliandika kupinga, kamati ikanijibu kwamba neno limeshapita kikaoni. Kupita kikaoni si hoja. Dereva hukitoa kitu hapa akakifikisha kule, na lango haliendi popote. Wengine wamekuja na "kiendesha-lango", wakidhani ki- itaisitiri kasoro ileile.

Neno ni bawabu, nasi tunalo tangu zamani. Limetokana na bab la Kiarabu, yaani mlango. Umbo lake la Kiarabu, lenye konsonanti ya kati iliyokazwa, ndilo Waarabu hulitumia kumtaja mtu aliyelifanya tendo fulani kuwa kazi yake. Kwa njia hiyohiyo tumepata hamali na dalali. Hamali ni yule ambaye kubeba ndiyo kazi yake, si aliyebeba mzigo siku moja. Inveta nyingi zenye transista za aina ya IGBT hufungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Tendo linalorudiwa hivyo ni kazi ya kudumu, na umbo la bawabu linalisema hilo lenyewe. Bawaba, kile chuma kinachoushika mlango kwenye fremu, ni ya ukoo huohuo, na Waarabu lango la transista huliita bawwaba. Mjumbe aliyeniambia kuwa neno langu ni "la kishairi mno" angefungua kamusi kwanza.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, iko kwenye bodi. Bawabu hukaa mlangoni. Dereva wa kamati anaweza kukaa popote, na nimeona bodi zilizochorwa hivyo: saketi ya kuamuru iko ukingoni, njia nyembamba za shaba zinatambaa sentimita kadhaa hadi kwenye transista, na njia ya kurudi inatumia kipande kimoja cha shaba na mkondo mkubwa wa mota. Kila milimita ya njia kama hiyo ina takriban nanohenri 1. Mkondo mkubwa ukipanda kwa ampea 1 kila nanosekunde, milimita 5 za shaba ya pamoja huzaa volti 5, nazo hukatwa kwenye volti 15 zilizokusudiwa lango. Transista inafunguka kwa kusitasita huku ikichemka.

Kufunga kuna hatari kubwa zaidi. Katika kila jozi ya transista, ya juu na ya chini, moja inapofunguka, volti hupanda ghafla juu ya ile iliyofungwa, na mkondo hupenya kwenye kapasitansi ya Miller, iliyo kati ya kolekta na lango. Njia ya langoni ikiwa ndefu, mkondo huo hauna pa kutokea upesi. Volti za lango hupita 5 au 6, na transista inafunguka bila kuamriwa. Hapo zote mbili zinapitisha umeme, chanzo kinapigwa shoti, na IGBT nyingi hazivumilii hali hiyo zaidi ya mikrosekunde 10.

Kwa hiyo bawabu likae ubavuni mwa transista, pamoja na rezista ya lango na kapasita zake za ugavi. Njia ya kwenda na ya kurudi zilaliane kwenye tabaka mbili zinazopakana. Ya kurudi ifike kwenye pini ya emita iliyotengwa kwa kazi hiyo, ile ya Kelvin, pasipo kugusana njiani na mkondo wa mota. Haya yote mwanafunzi anaweza kuyakisia akisikia bawabu. Akisikia dereva, hakisii lolote.

Wanasema bawabu ni mtu, hivyo ngeli itagoma. Mbona kifaru ni mnyama, na jeshini tunasema kifaru hiki, vifaru hivi, bila kigugumizi? Mafundi wanaosema "draiva" siwalaumu, maana hakuna aliyewapa neno jingine.

Katika matumizi: bawabu la juu, bawabu la chini, mabawabu sita kwa inveta ya kawaida ya fezi tatu, na kile kitanzi cha shaba kinachokwenda langoni na kurudi kiitwe njia ya bawabu.