Mwenyeji, Mgeni na Jembe: Nadharia za Jamii Mbele ya Historia ya Masisi

Ni nini huishikamanisha jamii, na ni nini huivunja? Wataalamu wa elimu ya jamii wamelijibu swali hili kwa njia kuu mbili. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1893 juu ya mgawanyo wa kazi, alishikilia kwamba watu wa jamii ya kisasa hushikamana kwa kuwa hutegemeana katika kazi zao. Karl Marx aliona vingine: utaratibu uonekanao ni ushindi wa tabaka linalomiliki nyenzo za uzalishaji. Insha hii inadhamiria kuzipima nadharia hizo kwa historia ya Masisi, magharibi ya mji wetu wa Goma.

Kiswahili nacho kina maoni yake. Neno "mwenyeji" limetokana na "mwenye mji". Mgeni ni yule asiye na mji hapo. Hata hivyo methali husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yaani ugeni una kikomo, na kazi ndiyo iukomeshayo. Hapo methali yakaribiana na Durkheim.

Je, ilikuwa hivyo Masisi? Wasemaji wa Kinyarwanda walikuwako Rutshuru kabla ya mipaka ya kikoloni. Masisi, wengi waliletwa. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamisha makumi ya maelfu ya wakulima kutoka Rwanda, ili kupunguza msongamano kule na kupata vibarua wa mashamba ya walowezi huku. Huko Gishari walipewa utawala wao, lakini 1957 ulifutwa, wakarudishwa chini ya machifu wa Kihunde. Kwa desturi, mkulima alipata shamba kwa kumtolea Mwami ushuru. Basi mgeni alipewa jembe, ila haki juu ya ardhi ilibaki kwa mwenyeji.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya ardhi ya 1973 ziliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Hali ya ardhi za kimila iliachiwa amri ya Rais ambayo haikutolewa. Katika pengo hilo, wenye fedha na wenye kujuana na wakubwa walijipatia mashamba mapana ya mifugo, na wakulima wadogo wa kila kabila wakabanwa. Hapa Marx ana haki.

Lakini mwaka 1993, mapigano yalipoanzia Ntoto, wilayani Walikale, na kuenea Masisi, wakulima hao hawakuungana dhidi ya wenye mashamba. Waliuana wao kwa wao, Wahunde na Wanyanga kwa upande mmoja, Wanyarwanda kwa upande mwingine. Maelfu walikufa. Kwa nini?

Max Weber atusaidia zaidi. Kwake, utaratibu husimama juu ya mamlaka yanayokubaliwa kuwa halali, na makundi hulinda manufaa yao kwa kuwafungia wengine mlango. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikawavua, ikidai asili ya 1885. Kisha, 1990, vyama vingi viliporuhusiwa, kura nazo zikawa za kugombaniwa. Asiye raia hana kura, na asiye mwenyeji hana ardhi. Kwa hiyo mkulima aliyenyimwa shamba alimtazama jirani kabla ya kumtazama tajiri.

Sheria ya 2004 ililifungua tena suala la uraia, ikiutambua wa makabila yaliyokuwa nchini wakati wa uhuru. Vita havikukoma kwa hiyo. Twaona basi kwamba utaratibu na mgogoro havikutoka katika vyanzo viwili: sheria zilizodai kuleta utaratibu ndizo zilizopanda ugomvi. Hapana budi wanaisimu nao wachunguze jinsi "mwenyeji" na "mgeni" yanavyotumika barazani kwa machifu na mahakamani, maana katika maneno hayo mawili mtu hupewa shamba au hunyimwa.