Wachaga Desemba Hawaendi Tu Kula Nyama: Stori ya Kihamba

Kila Krismasi ikikaribia, utani ni uleule: Wachaga wanaenda kuhesabiwa. Nauli za Moshi zinapanda, foleni Dar inapungua, na mitandao inajaa picha za mbuzi na mbege. Cheka tu, ruksa. Ila nyuma ya utani huo kuna historia ya kipande kidogo cha ardhi kinachoitwa kihamba, na ya watu wawili ambao huwa hawatajwi: mtoto wa kiume wa katikati, na binti.

Kihamba ni nyumba na shamba kwa pamoja, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Juu kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hatoki kuchunga, anakaa bandani na kuletewa majani, halafu samadi yake inarudi kwenye migomba. Maji yalishuka kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee, na kila familia ilikuwa na zamu yake. Yote hayo kwenye eneo ambalo mara nyingi halifiki hata ekari 2.

Kwa sababu kihamba ni kidogo, familia nyingi zilikuwa na shamba jingine huku chini tambarare, la mahindi na maharage. Mvua za masika zikianza, kuanzia Machi, watu wanateremka kulima na kupanda. Mahindi yakishavunwa, mabua yanapandishwa mlimani kulisha ng'ombe. Na nani alikuwa anapandisha? Mama na mabinti, mzigo kichwani, kilomita kadhaa, tena mlima wenyewe ndio ule. Kuanzia katikati ya mwaka kahawa nayo inaanza kuiva, na inachumwa kidogo kidogo kadiri inavyokuwa nyekundu, mpaka mwisho wa mwaka. Watoto wakitoka shule, moja kwa moja kwenye mibuni.

Sasa njoo kwenye pesa. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi wa Kizungu hawakufurahia kuona Waafrika wakiilima, lakini Wachaga hawakurudi nyuma. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kipo mpaka leo. Hela ya kahawa ikajenga nyumba za bati na kulipa ada. Ila kahawa ilihesabiwa kuwa zao la baba. Jina kwenye daftari la chama lilikuwa la baba, na malipo yalienda kwa baba. Za mama zilikuwa ndizi na maziwa, vya kula na vya kupeleka sokoni.

Halafu urithi. Kimila, mtoto wa kiume wa kwanza anapewa sehemu yake, na wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi na jukumu la kuwatunza. Wa katikati je? Zamani mangi alikuwa anaweza kumgawia ardhi ambayo haina mtu. Lakini watu wakaongezeka, kahawa ikajaa kila kona, na ardhi ya kugawa ikaisha. Ndipo wa katikati akashika njia: shule, kazi ya serikali, duka, biashara popote Tanzania. Unaposhangaa kwa nini kila mji una Mchaga mwenye duka, jibu mojawapo ni hilo. Wengi hawakuondoka kwa kupenda safari, kihamba kiliwajaa.

Hata hivyo hawakukatwa. Wazazi wapo kule, na wakifa wanazikwa palepale kwenye migomba. Kwa hiyo Desemba ndiyo muda wa kukaa kikao, kusuluhishana, na kuangalia mpaka wenye masale bado uko ulipokuwa.

Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Zao la baba likayumba. Kwenye nyumba nyingi zilizobaki zinasimama ni ndizi na maziwa ya mama. Hapo ndipo hesabu inauma: yule aliyebeba majani miaka yote, na binti aliyebeba naye, kimila hawakuwa warithi wa hicho kihamba. Binti aliambiwa ataolewa. Asipoolewa, au akiachika akarudi, anaishi pale kwa hisani ya kaka zake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Sawa, ila kwenye familia nyingi anayeamua bado ni kikao cha ukoo. Na leo kihamba cha babu kikigawanywa kwa wajukuu wa kiume peke yao, wengine wanaambulia pa kujenga nyumba tu, migomba hakuna.

Zipo familia zilizoamua tofauti: wa kwanza na wa mwisho wako mjini, na kihamba kakabidhiwa dada aliyebaki, kwa maandishi. Migomba inapaliliwa, ng'ombe yupo, na Desemba kuna nyumba ya kufikia.

Mwaka huu mkienda kuhesabiwa, kabla mbuzi hajaiva, ulizaneni hilo kwenye kikao: kwenu nani anapalilia, na jina lake limeandikwa wapi?