Njia ya Pesa Kutoka Kericho Hadi Masara

Masara iko Suna Magharibi, katika ukanda uleule wa dhahabu unaofika Macalder kule Nyatike. Wageni wengi huja hapa kuulizia mashimo. Mimi nilikuja kuulizia pesa: mshahara wa aliye mbali ulifikaje nyumbani, na nani alipata riziki kwa kuufikisha?

Macalder ilikuwa na mgodi rasmi wa shaba na dhahabu, wenye makarani, mafundi na siku ya mshahara inayojulikana. Ulifungwa 1966. Kabla na baada ya hapo, vijana wa Nyanza Kusini walizoea kusafiri kutafuta kazi: mashamba ya chai ya Kericho, bandari ya Mombasa, viwanda vya Nairobi. Aliyebaki karibu alisubiri kiwanda cha sukari cha Sony, Awendo, kilichoanza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Pesa zao zilirudi kwa mani oda ya posta, kwa bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi la usiku, au mfukoni mwa ndugu anayekuja matangani. Posta ilikuwa na karani wa dirishani. Simu ya mbali ilipitia kwa opereta, ambaye mara nyingi alijua habari za msiba kabla ya wenyewe. Kondakta alikula chake, na ndugu naye, tuseme ukweli, mara nyingine alifika na bahasha nyepesi.

Opereta ndiye aliyetangulia kuondoka. Mitambo ya kujiendesha ilimpokonya kazi kabla simu ya mkononi haijafika vijijini. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa 1999, Telkom Kenya ilirithi wafanyakazi wengi kupita mahitaji yake, na maelfu wakapunguzwa miaka iliyofuata. Wakati huohuo vibanda vya simu ya jamii vilichipuka kila soko, vikaajiri wasichana waliomaliza shule. Navyo havikudumu: simu zilishuka bei, kila mtu akawa na yake.

Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikazindua M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Majaribio yake ya 2005 huko Nairobi na Thika yalilenga kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo, lakini watu wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana pesa. Bahasha ya kondakta ikapoteza soko, dirisha la mani oda likapoa, na wakala wa M-Pesa akaingia na kibanda chake.

Je, kazi ziliongezeka? Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa familia 194,000 za Kenya katika umaskini, na kuwawezesha wanawake 185,000 kuacha kutegemea kilimo na kushika biashara. Jonas Hjort na Jonas Poulsen, waliochunguza nchi 12 za Afrika baada ya nyaya za intaneti za baharini kufika, walikuta ajira imepanda penye intaneti ya kasi, hata kwa wasio na elimu kubwa. Marekani hofu ilikuwa nyingine: mwaka 2013 Frey na Osborne walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za huko zilikuwa katika hatari ya kuchukuliwa na kompyuta. Tofauti hiyo haishangazi. Kule mashine inamkuta karani kwenye kiti. Kwetu sehemu nyingi kiti chenyewe hakikuwepo.

Ila nisiwapambie wakala. Karani wa posta alikuwa na mshahara, likizo na pensheni. Wakala hulipwa kamisheni kwa kila muamala, na floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, ni mtaji wake mwenyewe. Noti bandia ni hasara yake, tapeli wa simu ni wake, na mwizi wa jioni ni wake. Mteja akikuta pesa zimeisha anahamia kibanda cha pili, na hakuna wa kumfidia wakala siku hiyo. Katika eneo la machimbo kama hili, mauzo ya dhahabu yakidorora naye anadorora.

Hukumu yangu basi ni hii: simu imeleta riziki nyingi kuliko ilizoondoa katika njia hii ya Kericho hadi Masara, lakini imeuhamisha mzigo wa hatari kutoka kwa mwajiri hadi kwa aliyeketi kibandani. Kampuni zinazovuna ada katika kila muamala zina uwezo wa kumlipia wakala bima ya wizi na kumchangia akiba ya uzeeni ya NSSF. Zianzie hapo.